Anayeuguza Naye Auguzwe

Mtoto mwenye selimundu akishikwa na maumivu usiku, watu wa nyumbani wanajua la kumfanyia. Ananyweshwa maji mengi, anakandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, anapewa dawa ya maumivu aliyoandikiwa kliniki, na hali ikizidi inatafutwa bodaboda hata kama ni saa nane za usiku. Mama anayemshika mguu kitandani hafanyiwi lolote. Asubuhi ataambiwa "pole, jikaze", naye atajikaza, atakwenda shamba au atashuka pwani maji yakitoka kutafuta pweza, na usiku unaofuata atalala akisikiliza pumzi za mwanawe. Maisha hayo yanaweza kuendelea kwa miaka kumi na tano bila mtu hata mmoja kumwuliza: na wewe, unaendeleaje?

Makala haya ni ya mama huyo. Ni ya baba pia, na bibi, na mama mdogo, na yeyote wa Kiswere na pwani hii ya Kilwa na Lindi anayelea mtoto mwenye ugonjwa usioisha: selimundu, kifafa, moyo, kisukari cha utotoni, saratani, mtindio wa ubongo. Ninachotaka kukwambia ni kwamba msaada wa kisaikolojia unaweza kukufikia hapo ulipo kwa simu uliyonayo mkononi, mradi simu hiyo uitumie kutafuta watu. Wanaoitumia kutafuta miujiza huishia kupoteza fedha, na wengine hupoteza mtoto.

Kiswere iko kwenye ghuba, kati ya Kilwa Masoko na mji wa Lindi. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje. Ya mkoa, Sokoine, iko Lindi mjini. Ukihitaji bingwa wa damu, au mtoto akitakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo, safari ni ya Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Njia ya mtoto kwenda kwa daktari ni ndefu lakini inafahamika, na kila mzazi aliyeipita anaweza kumwelekeza mwenzake. Njia ya mzazi mwenyewe kwenda kwa mtu wa kumsikiliza haijachorwa popote. Na ukitaja habari za akili au saikolojia mbele ya watu, mawazo yao yanakimbilia Mirembe, Dodoma, kana kwamba hakuna hatua yoyote katikati ya kujikaza na kulazwa.

Hatua hizo zipo, na ya kwanza ni kujua kinachokupata.

Kuchoka kwa mtu anayeuguza si ugonjwa. Kuogopa si ugonjwa, wala kulia ukiwa peke yako jikoni. Lakini zikipita wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, usingizi umekukimbia hata siku ambazo mtoto kalala salama, chakula hakipiti, unamfokea au kumpiga mtoto kwa kosa dogo kisha unajichukia, unajiona huna thamani, basi huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Kwa wengi wetu haiji kama huzuni. Inakuja kama kichwa kinachouma kila siku, mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa. Mtu anakwenda zahanati kupima presha, anaambiwa presha ni nzuri, anarudi nyumbani na maumivu yaleyale. Ukifika hapo usiondoke kabla hujamwambia mganga wa zahanati maneno haya: "Nina mtoto mgonjwa wa muda mrefu, na mimi mwenyewe siko sawa." Sentensi hiyo inabadilisha maswali atakayokuuliza.

Kuna mzigo mwingine ambao ni lazima utuliwe mapema, nao ni lawama. Kwa selimundu hasa, lawama humwangukia mama. Ndugu wa mume watasema damu mbaya imetoka upande wake, au kuna mila aliiruka, au kuna jini la ukoo. Ukweli ni kwamba mtoto hupata selimundu pale tu anaporithi chembe mbili za urithi za ugonjwa huo, moja ya baba na moja ya mama. Mara nyingi wazazi wote wawili huwa wazima kabisa, wamebeba kila mmoja nusu bila kujua. Kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kuzaliwa mmoja mgonjwa hakuwakingi watakaofuata. Nusu hiyo imeenea mno kwenye maeneo yetu ya malaria kwa sababu aliyeibeba hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Nyuma ya kila mmoja wao kuna mama na baba. Mwambie mumeo haya, na kama huwezi kuyasema, muombe muuguzi wa kliniki ayaseme mbele yenu wote wawili, au akutumie kwa sauti kwenye simu ili mkayasikilize nyumbani. Nimeona hakuna kinachomtibu mama haraka kama mume kusema, "Kumbe ni sisi wote."

Sasa, msaada wenyewe ni upi? Watu hudhani ushauri wa kisaikolojia ni kuambiwa maneno matamu. Mwaka 2019 watafiti wa mtandao wa Cochrane, wakiongozwa na Emily Law, walipitia tafiti zaidi ya 40 kuhusu wazazi wa watoto wenye magonjwa sugu. Nyingi zilikuwa zimefanyika katika nchi tajiri, lakini moja ya njia zilizoonyesha kuwasaidia wazazi wenyewe ni ya kawaida kabisa: kumfundisha mzazi kutatua tatizo moja moja kwa utaratibu. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa Harare, Zimbabwe, na daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu waliolemewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliozungumza na wahudumu hao wa benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na utaratibu, na walikuwa na muda.

Utaratibu wenyewe unaweza kuufuata kwa simu na mtu mmoja unayemwamini. Mwambie yote yanayokusumbua, mfululizo, bila kuyapanga. Yeye asikukatize. Yakiisha, mchague moja tu ambalo linabebeka wiki hii. Tuseme umesema, "Sina nauli ya kliniki." Mwenzako asikurupuke kukupa jibu, akuulize ni lini hasa inakosekana. Ukifikiri vizuri utagundua kuwa kwa mwaka mzima unapata, isipokuwa miezi ile ambayo fedha ya korosho imeisha na ufuta bado uko shambani. Tatizo lililokuwa kubwa kama ghuba limekuwa la miezi mitatu au minne. Hapo orodhesheni njia zote, hata zinazoonekana hazina maana: kuweka kiasi kwenye kikundi cha hisa wakati wa mnada wa korosho na kukifunga hadi Februari, kumuomba daktari dawa za miezi miwili kwa mkupuo, kuchangia bodaboda na mama wa kijiji cha jirani ambaye mwanawe ana kliniki wiki hiyohiyo, kumwona afisa ustawi wa jamii hospitalini kuhusu msamaha wa gharama. Chagua moja, taja siku utakayoifanya, na mwenzako akupigie siku inayofuata kuuliza ilikuwaje. Ikishindikana, mnarudi kwenye orodha. Mazungumzo ya namna hii, ya nusu saa kwa wiki, hayaondoi selimundu wala kifafa. Yanaondoa ile hali ya kuhisi umezingirwa pande zote, ambayo ndiyo inayokula moyo wa mzazi.

Mtu wa kuzungumza naye atoke wapi? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ilivyo: jirani yako mwema atakuonea huruma, lakini mama mwenye mtoto wa ugonjwa uleule ndiye anayejua uzito. Tatizo ni kwamba huenda katika kijiji chako uko peke yako, mwenzako wa karibu yuko Nangurukuru na mwingine yuko Mchinga. Hapa ndipo simu inapofanya kazi ambayo miguu haiwezi.

Nchi hii imeshafanya jambo la namna hii. Huduma za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kuenea mwaka 2004, kilichowabakiza watu wengi kwenye dawa hakikuwa dawa peke yake. Walikuwapo washauri nasaha, na vikundi vya watu wanaoishi na virusi, mtu aliyekwisha kuipita hofu akimshika mkono anayeianza. Wazazi wa watoto wenye magonjwa sugu wanahitaji kitu kilekile, na kwa sababu wametawanyika, kikundi chao kitaishi zaidi kwenye simu.

Mbegu ya kikundi inapatikana kwenye benchi la kliniki na wodini. Wazazi wa watoto wenye saratani wanaokwenda Muhimbili hukaa pamoja wiki nyingi. Taasisi ya Tumaini la Maisha ina hadi hosteli, Ujasiri, kwa ajili ya familia zinazotoka mbali. Wanapika pamoja, wanalia pamoja, wanafundishana. Kisha kila mmoja anapewa ruhusa na kurudi kwao, na urafiki ule unakatika stendi ya basi. Usiuache ukatike. Kabla hujaondoka, chukua namba za wawili watatu ambao mlielewana, na mkubaliane siku ya kupigiana.

Kikundi kikubwa hakifai. Nimeyaona makundi ya WhatsApp ya watu mia mbili ambayo ujumbe wa mama anayelia unafunikwa ndani ya dakika tano na picha za "asubuhi njema" na matangazo ya vitenge. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Muwe na watoto wa ugonjwa mmoja, maana mama wa kifafa na mama wa kisukari wana usiku tofauti. Mumuombe muuguzi au daktari mmoja wa kliniki yenu awemo, kwa makubaliano kwamba hatapigiwa usiku, atajibu maswali siku moja kwa wiki na kusahihisha yaliyopotoka. Muwe na saa maalumu, kwa mfano baada ya sala ya Isha siku ya Alhamisi, watoto wamelala na vyombo vimeoshwa. Mtu akijua kuna saa yake, anaweza kuubeba uchungu wa Jumatatu hadi Alhamisi. Asipojua, anaubeba bila kuona mwisho.

Tumieni sauti kuliko maandishi. Wapo kina mama wasiopenda kuandika, wapo bibi wasiosoma, na zaidi ya yote sauti inabeba kilio ambacho maandishi yanakificha. Mzungumzaji azungumze hadi amalize. Wengine wajibu kwa kumwonyesha wamemsikia kabla ya kumpa ushauri wowote. "Nimekusikia, mwenzangu, hata mimi nilipita hapo" ina thamani kuliko mapendekezo manane. Anayeanza kila jibu kwa "ungefanya hivi" aambiwe kwa upole na msimamizi, faraghani.

Kuhusu bando, panga mapema. Ujumbe wa sauti unakula bando kidogo sana ukilinganisha na video, kwa hiyo video zizuiwe kwenye kikundi. Mwenye kitochi asiachwe nje. Ateuliwe mwenzake wa kumpigia simu ya kawaida kumsimulia yaliyozungumzwa na kurudisha maneno yake. Na msitegemee njia moja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu, mvua zikakata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, na mabasi yakakwama. Siku chache baadaye, tarehe 12 mwezi huohuo, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zikakatika na mtandao ukasuasua nchi nzima. Mwezi mmoja ulituonyesha yote mawili: barabara inaweza kufa simu ikabaki, na intaneti inaweza kufa ikabaki simu ya kawaida na ujumbe mfupi. Kila mmoja aandike namba za wenzake wote kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Siri za kikundi zilindwe kama siri za unyago. Kinachosemwa humo hakitoki. Picha ya mtoto akiwa kitandani, uchi, au akiwa kwenye degedege haitumwi, hata kama ni kwa nia ya kuomba dua. Picha hiyo itasambaa, na mtoto huyo atakuwa kijana mwenye kuoa au kuolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya na za watoto kuwa ni nyeti, lakini kabla ya sheria ni heshima ya mtoto mwenyewe. Akikua na kujua, muulize kabla hujasimulia habari zake. Mama anayetumia simu moja na mumewe awaambie wenzake mapema saa ambayo simu iko kwake, na asichotaka kisomwe nyumbani akiseme kwa kupiga, si kwa kuandika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vikundi vingi havilipangi, nalo ndilo linalovivunja. Mtoto wa mmoja wenu atafariki. Ukiwa na wazazi kumi wa watoto wenye moyo au saratani, ni vigumu kuipita miaka bila msiba. Taarifa ikidondoka kwenye kikundi saa sita usiku, kila mama atakayeisoma atamgeukia mwanawe aliyelala na kuanza kuhesabu. Wengine watanyamaza, wengine watajitoa bila kuaga. Aliyefiwa naye ataona watu wanamkimbia, kana kwamba kifo kinaambukiza.

Kubalianeni tangu siku ya kwanza, wakati hakuna aliyefiwa. Taarifa isiandikwe kwanza. Msimamizi ampigie kila mmoja, mchana, na asimwache anayeogopa akiwa peke yake. Baada ya hapo kikundi kisome dua au sala, kisha kinyamaze siku tatu, bila mijadala ya dawa wala maswali ya kawaida. Asiwepo wa kuchunguza kosa. "Mlichelewa kumpeleka?" ni swali ambalo mfiwa atalibeba hadi kaburini. Familia ikiridhia, muuguzi aeleze kwa maneno machache kilichotokea, kwa sababu wasioelezwa hujaza pengo kwa hofu zao. Mfiwa asiondolewe kwenye kikundi. Aulizwe, na aulizwe tena baada ya arobaini, maana jibu la wiki ya kwanza si jibu lake la kweli. Wapo watakaotaka kutoka kwa sababu kusikia habari za watoto wa wenzao kunawachoma. Waagwe kwa heshima na mtu mmoja aendelee kuwapigia. Wapo watakaobaki, na hao wakishapona majeraha yao huwa walezi wa kikundi kuliko mtu yeyote.

Kuna pia huzuni ndogo isiyosemwa, wivu. Mtoto wa mwenzako kaanza kidato cha kwanza, wako amelazwa mara ya nne mwaka huu. Usijione mbaya. Useme wivu huo kwa mmoja unayemwamini, kisha mpe hongera mwenzako kesho yake, si lazima leo.

Nimemtaja mama mara nyingi. Baba naye ana kidonda chake, ila pwani hii kidonda cha baba huonekana kama hasira au kutokuwepo. Mwanamume anakwenda dago, kambi ya wavuvi, miezi imepita, anatuma fedha na kuuliza "mtoto anaendeleaje?", akijibiwa "hajambo" anakata. Nyumbani wanasema hajali. Mara nyingi anajali hadi hawezi kusikia. Akiwa kambini huko, atumiwe ujumbe mfupi wa sauti ya mtoto mwenyewe akimsalimia. Apewe kazi anayoweza kuifanya kwa simu, kama vile kupiga kliniki kuthibitisha tarehe, au kumkumbusha mtoto dawa ya jioni; mwanamume mwenye jukumu hukaa karibu. Na anayemuuliza habari zake asiulize "uko sawa?", kwa sababu atasema yuko sawa. Amuulize jana alilala saa ngapi, amekula nini, anafikiri nini akiwa baharini. Wanaume wawili watatu wenye watoto wagonjwa wakiwekewa kikundi chao wenyewe watazungumza mambo ambayo hawatayasema mbele ya wake zao wala wakwe zao.

Mume na mke wawe na saa moja kwa wiki ya kuzungumza habari isiyo ya ugonjwa wala fedha. Mkishindwa la kusema mwanzoni, semeni habari za jirani.

Ikiwa baada ya haya yote bado umezama, unahitaji mtaalamu. Wapo wanaotoa ushauri kwa simu, na mlango salama wa kuwafikia ni hospitali: muulize daktari wa mtoto au afisa ustawi wa jamii akupe jina. Ukimpata mwingine kwa njia zako, muulize amesomea wapi, amesajiliwa na nani, anatoza kiasi gani, na mazungumzo yenu nani mwingine atayasikia. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Tafuta mahali pa faragha, hata chini ya mkorosho, chaji simu kabla, vaa visikilizio. Mara ya kwanza usijaribu kupanga maneno. Anza na lililo zito zaidi siku hiyo.

Na watakuja wa aina nyingine. Wanaouza kwenye mtandao unga wa mizizi unaoponya selimundu kwa siku ishirini na moja, wakiwa na video za watu wanaotoa ushuhuda, na namba ya kutuma fedha "pamoja na ya kutolea". Wanachukua ukweli kidogo na kuukoroga na uongo. Ni kweli selimundu inaweza kuponywa kwa kupandikiza uloto, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto mwaka 2023, uloto ukitoka kwa ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa. Hiyo ni kazi ya wodi maalumu na wataalamu wengi. Haiji kwa basi ndani ya chupa. Kipimo chepesi ni hiki: anayekutaka uache haidroksiyurea ya selimundu, penisilini ya kila siku ya mtoto mdogo, au dawa za kifafa ili dawa yake "ifanye kazi", huyo mfungie kwenye simu yako na umtangaze kwenye kikundi. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Dua na kombe havigombani na kliniki, na sheikh au padri mwenye hekima atakwambia umpeleke mtoto hospitali huku anakuombea.

Kikundi kisigeuzwe kuwa wodi ya dharura. Mtoto wa selimundu akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, akibanwa kifua, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, usiandike kwenye kikundi kuuliza wenzako wanaonaje. Ondoka. Utawaambia ukiwa njiani. Vivyo hivyo kwa wewe mwenyewe: ukianza kuwaza kwamba ni heri ufe, au kwamba mtoto akifa mtapumzika wote, mawazo hayo huwapata wazazi waliochoka kupita kiasi na hayakufanyi muuaji, lakini usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mtu aliye nyumbani au jirani. Mtoto asibaki nawe peke yako hadi umezungumza na mhudumu. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uelekezwe pa kwenda. Na kama kuna mtoto aliye hatarini, 116 ni ya bure pia. Asubuhi nenda hospitali, usingoje siku ya kliniki ya mtoto.

Kilichobaki ni usingizi, na huo simu haiwezi kukuletea. Hakuna nahodha anayeshika usukani usiku kucha, siku saba, bila kumpisha mwenzake. Mfundishe mtu mmoja, wifi, dada, binti mkubwa wa jirani, namna ya kumtazama mtoto: dalili za hatari, dawa na saa zake, namba za kupiga. Alale naye usiku mmoja kwa wiki wewe ukiwa chumba kingine. Usiku wa kwanza hutalala. Wa tatu utalala. Watoto wako wengine nao wanahitaji asubuhi moja ya kwenda na mama sokoni bila mgonjwa, maana wamekaa muda mrefu wakijifunza kutoomba kitu.

Siku ya kliniki ijayo, fika mapema kidogo. Mtazame mama aliyekaa kimya mwisho wa benchi, yule anayemfuta mwanawe jasho bila kuinua macho. Msalimie, muulize mtoto ana miaka mingapi, mwambie wako anaumwa nini. Kabla ya kuitwa, ombaneni namba, na kubalianeni siku na saa ya kupigiana. Kisha mkaingie kwa muuguzi pamoja mumuulize kama yuko tayari kuwajibu maswali mara moja kwa wiki. Akisema hana nafasi, anzeni wawili.